Heda kwenye Land Cruiser 80: ziba kwanza, nguvu baadaye

Land Cruiser ya familia yetu ni ya kizazi cha 80, yenye injini ya petroli ya 1FZ-FE: silinda sita katika mstari mmoja, ujazo wa sentimita za ujazo 4,477, kichwa cha alumini juu ya bloku ya chuma cha kusubu. Iliingia Lubumbashi kupitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, kama magari mengi ya usukani wa kulia tunayoyaona katika barabara zetu, na imebeba watu na mizigo kati ya hapa na Likasi kwa miaka mingi. Manifoldi yake ya moshi, yaani kipande cha chuma kinachokusanya moshi kutoka silinda zote, ambacho mafundi wengi wa hapa hukiita kolekteri, ilipasuka. Badala ya kutafuta nyingine ya aina ileile, nilifunga heda, yaani manifoldi ya mabomba ambamo kila silinda ina bomba lake, katika ua wa nyumba, chini ya mwembe, kwa zana za kawaida na kwa ushauri wa fundi mzee wa Katuba ambaye familia yetu inamwamini.

Tangu hapo kila anayefungua boneti huniuliza swali moja: imeongeza nguvu kiasi gani? Naona swali hilo linaanzia mahali pasipofaa. Heda ni kazi ya kuziba kabla ya kuwa kazi ya nguvu, na mtu asiyejali bamba lililopinda, bolti iliyochoka na joto linalozagaa ndani ya boneti atapata gari lenye kelele zaidi na hatari zaidi kuliko lile alilokuwa nalo, hata kama mabomba yake yanang'aa.

Ufa wa manifoldi una tabia ambayo imewapotosha mafundi wengi. Asubuhi, injini ikiwa baridi, unasikia mlio mkavu wa tik-tik unaokwenda sambamba na mzunguko wa injini; baada ya dakika chache mlio unafifia na kupotea. Sababu ni kwamba chuma kikipata joto hutanuka, na kingo za ufa hukaribiana hadi zikakutana. Mwenye gari husikia mlio huo na kudhani ni vali, kifuniko cha vali kinafunguliwa, nafasi zinapimwa, fedha zinalipwa, na kesho yake mlio uko palepale. Kabla ya kufungua chochote, tafuta masizi. Moshi unaotoka pasipostahili huacha alama nyeusi au ya kijivu kwenye ukingo wa gasketi au kando ya ufa. Ikiwa alama haionekani, chukua kipuliza hewa, elekeza hewa yake ndani ya bomba la nyuma la gari huku injini ikiwa imezimwa na imepoa, kisha pakaza maji ya sabuni kwenye maungio yote. Povu litakuonyesha mahali penyewe bila ubishi.

Nasisitiza kupata uhakika huo kwa sababu kinachotoka hapo si kelele tu. Moshi wa injini ya petroli una gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, na mlango wa hewa inayoingia ndani ya gari uko chini ya kioo cha mbele, nyuma kidogo tu ya injini. Gari likisimama kwenye foleni, moshi uliovuja mbele unaweza kufuata njia hiyo hadi kwa abiria. Mtoto anayelala kiti cha nyuma na kuamka akilalamika kuumwa kichwa anastahili kuchukuliwa kwa uzito kuliko upungufu wowote wa mwendo kasi.

Kwa nini chuma kinene namna ile kinapasuka? Gesi zinazotoka kwenye vali za moshi, injini ikibeba mzigo mzito, zinaweza kupita nyuzi joto 700 za Selsiasi, na kisha gari linazimwa, au linapita kwenye dimbwi la mvua ya Januari, na chuma kinashuka joto ghafla. Kila mara kinatanuka na kusinyaa, lakini kimebanwa kwenye kichwa cha injini ambacho ni cha alumini na ambacho hakifikii joto lile, kwa kuwa kinapoozwa na maji. Fanya hesabu ndogo. Bamba la chuma cha kawaida lenye urefu wa sentimita 60 likipanda nyuzi 300 huongezeka urefu kwa takriban milimita 2. Likiwa la chuma kisichoshika kutu cha aina ya 304, huongezeka kama milimita 3. Bolti zimesimama palepale, bamba linataka kusogea. Ndiyo maana Toyota iliigawa manifoldi ya injini hii katika vipande viwili, kimoja cha silinda tatu za mbele na kingine cha silinda tatu za nyuma, na ndiyo maana matundu ya bolti huwa mapana kidogo kuliko bolti zenyewe.

Mgawanyo huo una faida ya pili, na hapa ndipo ninapowaomba wapenzi wa heda wawe na subira. Injini hii huwasha silinda zake kwa mpangilio wa 1-5-3-6-2-4. Ukiutazama vizuri utaona kwamba kundi la mbele na kundi la nyuma hupokezana: moja ya mbele, tano ya nyuma, tatu ya mbele, sita ya nyuma, mbili ya mbele, nne ya nyuma. Kwa hiyo katika kila kundi la silinda tatu, msukumo wa moshi hufuatana kwa umbali sawa wa nyuzi 240 za mzunguko wa krankshafti, shafti kuu ya injini, na moshi wa silinda moja hauingilii sana mlango wa jirani yake. Manifoldi ya kiwandani, pamoja na ukali wa umbo lake, tayari inaheshimu jambo hilo. Heda nzuri inaliboresha: kila silinda inapata bomba lake refu, mabomba matatu yanakutana mahali pamoja, na wimbi la msukumo likifika kwenye makutano hayo hurudisha nyuma wimbi la mnyonyo. Wimbi hilo likirudi wakati vali ya moshi bado haijafunga, linasaidia kuvuta mabaki ya moshi nje ya silinda na kuikaribisha hewa mpya. Lakini muda wa wimbi unategemea urefu wa bomba na kasi ya injini, na bomba halibadilishi urefu wake unapobadilisha gia. Bomba lililopimwa kwa mizunguko mingi halikupi kitu unapopanda taratibu na mzigo, na gari kama hili hutumika zaidi katika hali hiyo.

Kumbuka pia mahali tunapoishi. Lubumbashi iko kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,200, ambako kanieneo ya hewa ni pungufu kwa takriban asilimia 13 kulinganishwa na pwani. Injini isiyo na tabo, yaani kifaa cha kusukuma hewa ndani ya injini, inavuta hewa hiyo nyepesi, na hakuna bomba la moshi linaloweza kurudisha kilichopungua angani. Kwenye injini yenye kemshafti (shafti inayofungua vali) ya kiwandani na kompyuta ya kiwandani, ongezeko linalotokana na heda peke yake ni dogo, na huonekana zaidi juu ya mizunguko 3,000 kwa dakika. Muuzaji akikuahidi kwamba gari litakuwa jingine, mwulize kwanza unene wa bamba lake.

Bamba, yaani flanji inayokaa kwenye kichwa cha injini, ndicho kitu cha kwanza ninachokitazama. Likiwa na unene wa milimita 6 au pungufu, joto la uchomeleaji peke yake linatosha kulipinda kabla halijafika dukani; linalokaribia milimita 10 linastahili kuaminiwa zaidi. Weka rula ndefu ya chuma iliyonyooka juu ya uso wake na ujaribu kupitisha majani membamba ya kupimia upenyo. Upenyo wa nywele chache unaweza kusawazishwa kwa sandapepa iliyobandikwa juu ya kioo kinene au kwa kupeleka bamba kwa fundi wa mashine, na mji huu wa migodi una mafundi wa mashine hodari sana. Bamba lililopinda kupita hapo lirudishwe kwa aliyeliuza. Usikubali wazo kwamba bolti zitalinyoosha, kwa sababu zikilinyoosha leo zitakuwa zinapigana nalo kila siku, na zitakazoshindwa ni hesi, yaani mikato ya kushikia bolti, zilizo ndani ya alumini.

Napendelea heda zilizogawanywa katika vipande viwili, tatu kwa tatu, kwa sababu ileile ya kutanuka niliyoieleza. Ukipata yenye bamba moja refu la silinda zote sita, uliza kama linaweza kukatwa katikati, kati ya silinda ya tatu na ya nne. Unene wa bomba nao una maana yake. Bomba la milimita 1.5 ni jepesi na hupigisha kelele ya bati, la milimita 2 hudumu zaidi na hutulia zaidi, na yote mawili ni membamba mno ukiyalinganisha na chuma cha kusubu, kwa hiyo kelele fulani itaongezeka hata kama kila kitu kimefungwa sawasawa. Halafu ingia chini ya gari. Makutano ya mabomba yakishuka chini ya fremu, jiwe la njia ya mashambani litayapata siku moja. Kwenye magari yetu ya usukani wa kulia kuna jambo jingine: upande wa moshi wa injini hii ni upande wa kulia, na shafti ya usukani inapita hukohuko. Heda iliyotengenezwa kwa gari la usukani wa kushoto inaweza kuigusa shafti hiyo. Pima kabla ya kununua, na ukipima acha nafasi ya injini kutikisika kwenye mipira yake.

Kuna watakaosema kwamba ufa unaweza kuchomelewa, na wana haki kwa sehemu. Chuma cha kusubu kinachomeleka kwa vijiti vya nikeli, kikipashwa moto polepole kwanza na kisha kikaachwa kipoe polepole kabisa, kimefukiwa katika mchanga mkavu au majivu. Kikichomelewa kikiwa baridi kwa kijiti cha kawaida cha ujenzi, ufa mpya hutokea pembeni ya ule wa zamani, mara nyingi kabla hakijafungwa garini. Manifoldi yetu ilikuwa imepasuka mahali pawili na bamba lake limepinda, kwa hiyo njia hiyo tuliiacha.

Kazi yenyewe huamuliwa na bolti za zamani. Zile zisizo na kichwa, zilizoingia katika alumini, zimepikwa kwa miaka, na nati zake zimeshikamana nazo. Siku kadhaa kabla ya kufungua, zinyunyizie mafuta ya kulegeza kutu kila jioni, injini ikiwa imepoa. Fundi wetu alisimama juu ya bega langu nilipoweka spana kwenye nati ya nyuma kabisa, karibu na ukuta wa kabini, akaniambia, "Mwanangu, usiilazimishe. Ipashe moto, iache ipoe, kisha isogeze kidogo mbele na kidogo nyuma." Nilimjibu, "Ndiyo, Papa," na tukafanya hivyo kwa kila moja. Moto wa gesi unaelekezwa kwenye nati, si kwenye kichwa cha injini, na kabla ya kuwasha moto wowote mafuta yaliyonyunyiziwa yafutwe, betri itolewe na mabomba ya petroli yakingwe. Uvumilivu huo ni wa bei nafuu kuliko bolti iliyokatika. Ikikatika na kuacha kisiki kinachochungulia, fundi mchomeleaji anaweza kuweka nati juu yake na kuijaza kwa kuchomelea ndani: joto linalegeza kutu, na nati inakupa mahali pa kushika. Ikikatika ndani, keekee iongozwe katikati kabisa, kwa sababu alumini ni laini na tundu likikimbilia upande huharibu hesi. Hata bolti zilizotoka salama, mimi sizirudishi. Nati mpya zilizopakwa shaba hazigandi upesi, na inanifurahisha kwamba katika mji ulioishi kwa shaba tangu zamani, shaba hiyohiyo ndiyo inayotusaidia kufungua kesho kile tunachokifunga leo.

Uso wa kichwa cha injini usafishwe kwa kisu cha plastiki na kitambaa chenye kiyeyushi, si kwa diski ya kusagia, kwa maana diski huchimba mashimo yasiyoonekana ambamo moshi utapita. Ziba matundu ya moshi kwa vitambaa wakati wa kusafisha, na uhakikishe umevitoa vyote. Gasketi ninayoipendelea ni ya tabaka kadhaa za chuma, kwa sababu inaruhusu bamba kuteleza kidogo likitanuka bila kuchanika. Simenti ya eksozi inayowekwa kwenye bamba ili kuficha upenyo haikai: inakauka, inapasuka, na inakuachia kazi ya kuikwangua.

Funga nati zote kwa vidole kwanza, ili bamba lijitafutie nafasi yake. Kaza kuanzia katikati ukielekea kwenye ncha, kwa awamu, ukitumia spana ya kupimia mkazo. Kwa injini za Toyota za ukubwa huu kipimo huwa karibu Nm 40, lakini kitabu cha injini yako ndicho chenye neno la mwisho. Ukipaka mafuta yenye unga wa shaba kwenye hesi, fahamu kwamba msuguano unapungua na kipimo kilekile kwenye spana huvuta bolti kwa nguvu zaidi. Kwa hiyo usiongeze kitu juu yake kwa mazoea ya mkono. Ungio la chini, kati ya heda na bomba la kwenda kwenye sailensa, lifungwe mwisho, na bomba hilo lishikiliwe na kibano chake kwenye gia boksi. Heda zinazoachwa zibebe uzito wa eksozi nzima hupasuka shingoni, pale bomba linapokutana na bamba, na wengi hulaumu chuma wakati kilichokosekana ni kibano.

Gari likiwa na kihisi cha oksijeni, tundu lake kwenye heda liwe baada ya makutano ya mabomba, ili kihisi kisome moshi wa silinda zote za kundi, nacho kilazwe juu kidogo ya mstari wa ulalo ili maji yasitulie ndani yake. Hapa kuziba kuna sababu nyingine. Kati ya msukumo mmoja na mwingine, kanieneo ndani ya bomba inaweza kushuka chini ya ile ya nje, na ungio linalovuja likavuta hewa ndani. Kihisi kinaiona oksijeni hiyo, kompyuta inadhani petroli ni chache, inaongeza, na mwenye gari anashangaa kwa nini matumizi yamepanda baada ya kufunga kitu alichoambiwa kitayapunguza.

Joto ni sura ambayo wauzaji huiruka. Mabomba membamba hutoa joto nje kwa wepesi kuliko chuma kinene, na kwenye injini hii filta ya oili iko upande huohuo. Nyaya, mabomba ya breki na mipira yote iliyo karibu ihamishwe au ikingwe kwa bati la alumini lililoachiwa nafasi ya hewa nyuma yake. Utepe wa kuzungushia mabomba unavutia macho, lakini kwenye chuma cha kawaida huzuia joto ndani ya chuma chenyewe na, wakati wa masika, huhifadhi unyevu kila gari linapolala, hadi bomba linaliwa na kutu mahali usipopaona. Nilichagua heda zilizopakwa kauri ndani na nje, ambazo bei yake ni kubwa zaidi, na ningechagua hivyo tena hata kama ingenilazimu kusubiri mishahara mingine kadhaa.

Kabla ya kuwasha, futa mabomba yote kwa asetoni, kwa sababu alama za vidole vyenye mafuta huchomeka juu ya chuma na hazitoki. Washa injini nje, penye hewa, kamwe si ndani ya gereji iliyofungwa, na usitishwe na moshi mwepesi wa rangi na mafuta ya kiwandani unaotoka mwanzoni. Iache ifikie joto lake bila kuipigisha mizunguko mikubwa, izime, iache ipoe kabisa hadi uweze kuweka kiganja juu ya bamba, kisha rudia kukaza kwa mpangilio uleule. Utakuta baadhi ya nati zinakubali kusogea kidogo, kwa sababu gasketi imejibana. Rudia tena baada ya safari ndefu ya kwanza. Yetu ilikuwa ya Likasi, kwenda na kurudi, na jioni ile nilisubiri gari lipoe kabla ya kuchukua spana, maana nati iliyokazwa ikiwa na moto hupewa kipimo kisicho chake.

Tofauti niliyoipata barabarani ni injini inayovuta kwa wepesi zaidi kwenye mizunguko ya juu, mlio mzito kidogo kuliko zamani, na chini, katika kupanda taratibu na mzigo, gari ni lilelile. Asubuhi tik-tik haipo. Kila ninapobadilisha oili, ninapitisha pia taa kwenye ukingo wa gasketi nikitafuta masizi, ninakagua kibano cha gia boksi, na ninaangalia kama bati la kukinga joto limelegea.